CHETI NA KAZI: NANI ASHIKE UFUNGUO WA KABATI LA VITABU?

(Mazungumzo ya wahudumu wa maktaba mbele ya wahitimu wa kisomo, katika Juma la Elimu ya Watu Wazima)



Sisi ni wahudumu wa maktaba. Kazi yetu mnaijua. Tunapanga vitabu, tunaazimisha, tunapiga muhuri wa tarehe, tunakumbushana na wale wanaosahau kurudisha. Leo mmetuita tuseme nanyi. Tumekuja na barua yenu mkononi. Mlituandikia hivi:

"Kijiji chetu kimepata kabati la vitabu. Watu wawili wanataka kulitunza. Mmoja ni kijana mwenye cheti cha maktaba. Wa pili ni mama ambaye ametunza vitabu vya darasa letu la kisomo kwa miaka 9. Huyo hana cheti. Tumchague nani?"

Ndugu zetu, tulipoisoma barua hii tulicheka, kisha tukanyamaza. Tulicheka kwa sababu swali hili limetugombanisha sisi wenyewe kazini. Tulinyamaza kwa sababu wengi wetu tuliingia maktaba bila cheti, na maneno tuliyosemeana siku zile hayakuwa mazuri. Basi hatutawajibu haraka. Kwanza tutawaeleza yaliyotupata sisi.

SISI NA CHETI

Zamani kidogo, wakubwa wetu wa kazi walituletea shauri. Walisema atakuja mtu kutupima. Hatatuweka darasani. Atakaa nasi palepale maktaba, atatutazama tukifanya kazi, atatuuliza maswali. Atakayeonekana anaiweza kazi ataandikiwa. Atakayepungukiwa ataonyeshwa pa kujifunza.

Mngedhani tungefurahi. Wapi! Tuligawanyika makundi matatu.

Kundi la kwanza walisema, "Karatasi ya nini? Kazi tunaijua. Watu wanakuja, wanapata vitabu, wanakwenda zao. Karatasi haipangi vitabu." Hawa walikuwa ndio wengi.

Kundi la pili walikuwa vijana wawili waliotoka chuoni na vyeti vyao. Wao walisema, "Ati mtu apewe cheti kwa kutazamwa tu akipiga muhuri? Sisi tumekesha tunasoma. Mnataka kuiharibu kazi ya ukutubi."

Kundi la tatu hawakusema kitu. Waliogopa. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa kazi kuliko sisi sote. Alikuwa ametimiza miaka 19 katika maktaba ile. Sisi tulidhani atakuwa wa kwanza kukubali. Tukamwambia, "Mama, wewe ndiye mwalimu wetu. Jiandikishe." Akajibu, "Wanangu, mimi niliacha shule darasa la nne. Tangu siku ile sijakaa mbele ya mtu mwenye kalamu nyekundu. Nikishindwa leo, kesho nitamtazamaje msomaji usoni?"

Hapo tukaelewa jambo moja. Yule anayesema "karatasi ya nini" mara nyingi si mwenye dharau. Ni mwenye hofu. Dharau ni nguo tu anayoivaa ili hofu isionekane.

MAMA ALIPIMWAJE?

Tulimbembeleza mama yetu wiki mbili. Mwisho alikubali. Siku ilipofika alikuja amevaa kanga mpya, mikono inatetemeka.

Mpimaji hakumpa karatasi ya maswali. Alikaa pembeni kwenye benchi kama msomaji. Baada ya muda mfupi akaingia mkulima mmoja. Akamwendea kijana wetu mwenye cheti, akasema, "Nataka kitabu cha kideri." Kijana akatafuta neno "kideri" katika orodha. Halikuwamo. Akarudia tena. Halikuwamo. Akasema, "Mzee, kitabu hicho hatuna."

Mama akasogea. Akauliza, "Kuku wako wanafanyaje, baba?" Mkulima akajibu kwamba wanapinda shingo, wanaharisha kijani, wanakufa kwa wingi. Mama akampeleka moja kwa moja kwenye rafu ya mifugo. Akatoa kitabu cha ufugaji, akafungua ukurasa wa ugonjwa wa mdondo. Kideri na mdondo ni ugonjwa mmoja. Kitabu kimetumia jina moja, mkulima anatumia jingine. Mkutubi ni mtu wa kuyakutanisha majina hayo mawili. Mpimaji akaandika.

Lakini, ndugu zetu, tusiwafiche. Mpimaji alimwuliza mama, "Kwa nini kitabu hiki kina namba 636 mgongoni?" Mama akasema, "Ndivyo nilivyoikuta." Alijua kitabu kinakaa wapi, lakini hakujua kwa nini kinakaa hapo. Namba zile ni mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, alioutoa mwaka 1876. Elimu yote aliigawa mafungu kumi. Namba za 600 ni za ufundi na kazi za kuleta riziki na afya. Ndani yake, 610 ni tiba, 630 ni kilimo, na 636 ni mifugo. Anayeufahamu mpango huo anaweza kuingia maktaba nyingi za nchi hii, na za nchi nyingine, akakuta kitabu cha mifugo bila kuuliza mtu. Anayekumbuka rafu kwa macho tu, rafu ikihamishwa amepotea.

Likaja la pili. Mpimaji alimpa mama kitabu kilichochanika, akamwambia akitengeneze. Mama akachukua utepe wa kunata, ule tunaouita selotepu, akabandika vizuri, akakunja, akakata. Sisi tukatabasamu. Ndivyo alivyotufundisha sote. Mpimaji akaenda rafuni, akaleta kitabu kilichobandikwa hivyohivyo miaka mingi nyuma. Utepe ulikuwa umekauka na kubanduka. Gundi yake ilikuwa imeingia katika karatasi na kuacha doa la kahawia, na maneno yaliyo chini ya doa hayakusomeka vizuri. Mpimaji akasema kwa upole, "Mama, utepe huu unakula kitabu. Tumia karatasi nyembamba na gundi ya wanga iliyopikwa vizuri, tena kidogo tu, isije ikaita wadudu."

Mama akakiangalia kile kitabu kwa muda mrefu. Ilikuwa ni kazi ya mikono yake. Na sisi tulipotazama rafuni, tuliona vitabu vingi vya namna ile. Tulikuwa tumeviharibu kwa nia njema, na hakuna aliyetuambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kutupima.

Siku ile kiburi chetu kilipungua, na cha wale vijana wawili vilevile. Mwenye cheti hakujua kideri. Mwenye miaka 19 hakujua selotepu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kazi, akidhani anayo yote.

WENZETU WA UINGEREZA

Msidhani mabishano haya ni yetu peke yetu. Tumesoma habari za wenzetu wahudumu wa maktaba huko Uingereza. Nao waligombana kama sisi.

Mwaka 1986 serikali ya Uingereza iliunda Baraza la Taifa la kusimamia vyeti vya ufundi. Shabaha yake ilikuwa kwamba mtu apimwe kwa kazi anayoiweza, wala si kwa miaka aliyokaa darasani. Vyeti vile viliwekwa ngazi tano. Ngazi ya kwanza ni ya kazi nyepesi za kila siku. Ngazi za juu ni za wasimamizi. Katikati ya miaka ya 1990 mpango huo ukaingia katika maktaba.

Ulifanya kazi hivi. Kwanza, kazi ya maktaba iliandikwa vipande vipande: kumsaidia msomaji kupata habari, kupanga rafu, kupokea vitabu vipya, na kadhalika. Pili, mhudumu alikusanya vielelezo katika jalada lake: barua alizoandika, orodha alizotengeneza, maneno ya watu waliomwona akifanya kazi. Tatu, mpimaji alikuja kumtazama na kumwuliza maswali. Nne, mtu mwingine alimkagua mpimaji naye, asije akapendelea. Hakukuwa na kushinda na kushindwa. Kulikuwa na "ameweza" na "bado". Aliyeambiwa "bado" alijifunza akarudi.

Sasa sikilizeni walivyosema. Wapo waliosema, "Cheti hiki kinanipa jina la kazi ninayoifanya tayari. Faida yake nini?" Wapo wakutubi wenye shahada waliosema hadhi ya kazi yao itashuka. Wapo wasimamizi waliosema hawana nafasi ya kuwaachia watu wakaandike majalada wakati wasomaji wamepanga foleni. Na wengi walilalamika kwamba lugha ya karatasi zile ilikuwa ngumu mno, kana kwamba imeandikwa ili isieleweke. Je, haya siyo maneno yetu?

Lakini walikuwepo pia waliosema jambo jingine. Walikuwa watu walioacha shule mapema na hawakuwa na cheti chochote. Hao walisema kwamba kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyekuja kutazama kazi yao na kuipa thamani. Na walipolazimika kueleza kwa nini wanafanya hivi na si vile, waliijua kazi yao vizuri zaidi.

Mpango ule baadaye ulibadilishwa ukafuatwa na mingine. Siku hizi wasaidizi wa maktaba huko wanaweza kujifunza kwa uanagenzi, yaani wanafanya kazi huku wanajifunza na kupimwa. Majina yamebadilika, lakini shauri ni lile lile: kazini nako ni shule, mradi awepo wa kukupima.

NA SISI HAPA TANZANIA?

Hapa kwetu shauri hili si geni. Mafundi wanalijua. Tangu zamani fundi seremala au mwashi aliweza kufanya majaribio ya ufundi, daraja la tatu, la pili na la kwanza. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazi mtaani bila kupitia chuo. Seremala anapimwa, mwashi anapimwa, mpishi anapimwa. Akionekana anaiweza kazi, anatambuliwa.

Kwa kazi ya maktaba, tuna Bodi ya Huduma za Maktaba. Huduma hizo zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Tunacho pia chuo cha ukutubi huko Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989. Chuo hicho ni chetu, nasi tunakipenda. Lakini si kila mhudumu anaweza kuacha watoto na shamba akaenda Bagamoyo. Kwa hiyo sisi tunasema: chuo kibaki, na kipimo kije pia kazini. Mtu apimwe alipo, kisha anayepungukiwa ndipo aende masomoni, akijua anakwenda kutafuta nini.

Tena tukumbuke. Maktaba nyingi za vijiji zilifunguliwa katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya kufuta ujinga. Nyingi zilikufa. Zipo zilizokufa kwa kukosa vitabu vipya. Zipo zilizokufa kwa mchwa na kuvuja kwa paa. Na zipo zilizokufa kwa sababu aliyekabidhiwa ufunguo hakufundishwa wala kupimwa, naye alipochoka akaondoka na ufunguo. Kabati lenu ni jipya leo. Hatupendi lipatwe na hayo.

NINYI MMEKWISHA KUPIMWA

Ndugu wahitimu, ninyi mnalijua jambo la kipimo kuliko sisi. Mwezi Agosti mwaka 1975 watu wazima wa nchi hii, mamilioni kwa mamilioni, walifanya mtihani wa kisomo. Waulizeni wazee waliokuwepo. Babu na bibi walikaa mbele ya karatasi, wengine kwa mara ya kwanza maishani mwao. Wapo walioogopa kuchekwa na wajukuu.

Mtihani ule haukuuliza mtu ni tajiri au maskini. Uliuliza: unaweza kusoma habari fupi na kuielewa? Unaweza kuandika ujumbe? Unaweza kufanya hesabu za maisha ya kila siku? Aliyekuwa bado hakufukuzwa. Aliambiwa yuko hatua gani, akaendelea. Mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma. Baada ya mtihani wa 1975 walionekana kuwa 39 katika kila 100. Tungejuaje kwamba tumepiga hatua kama hakuna aliyekubali kupimwa?

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Ni kweli. Lakini kidole kilichofichwa mfukoni, nani atakivika?

JIBU LETU KWENU

Sasa tunarudi kwenye swali lenu. Tumchague nani, mwenye cheti au mwenye miaka 9?

Jibu letu ni hili: wapimeni wote wawili mbele ya kabati. Msitazame karatasi kwanza, wala msitazame mvi kwanza. Kamati yenu ya elimu ikae nao asubuhi moja, iwaombe wafanye mambo haya:

1. Apokee vitabu kumi vipya, aviandike katika daftari na kuvipiga muhuri.
2. Avipange ili mtu mwingine aweze kuvipata yeye asipokuwepo.
3. Amwazimishe msomaji kitabu na kuandika tarehe ya kukirudisha.
4. Amsaidie mtu ambaye hajui jina la kitabu anachokitaka, ila anajua shida yake tu.
5. Atengeneze kitabu kilichochanika bila kukiharibu.
6. Aeleze atafanya nini ili mchwa, panya na mvua visifike kabatini.
7. Amsomee kwa sauti mtu ambaye bado anajikongoja katika kusoma, bila kumwaibisha.

Hili la saba lisidharauliwe. Mhudumu anayemcheka msomaji mpya amefunga maktaba, hata kama mlango uko wazi.

Mkimaliza, mtaona kila mmoja anaweza nini na bado nini. Yamkini mtaona mmoja ashike ufunguo na wa pili awe msaidizi wake, kila mmoja amfundishe mwenzake nusu yake. Andikeni matokeo, mkutano wa kijiji uyasikie. Kisha msiishie hapo. Mwombeni mkutubi wa wilaya au wa mkoa aje awatazame, na mchango wa nauli ya masomo uanze mapema.

Na ninyi viongozi, tuna neno kwenu. Msimpime mtu kisha mkamwacha vilevile. Kipimo bila nafasi ya kujifunza ni aibu tupu. Cheti bila heshima ni karatasi ya kufungia karanga. Kama mtu ameonekana anaiweza kazi, apewe kazi ya kufanana na uwezo wake, na posho yake isicheleweshwe.

MWISHO WA MAMA YETU

Mnataka kujua mama yetu aliishiaje. Alijifunza zile namba. Jioni, maktaba ikifungwa, alikaa na yule kijana mwenye cheti. Kijana akamfundisha mpango wa Dewey. Yeye akamfundisha kijana majina ambayo watu wanayaita magonjwa, mbegu na wadudu. Selotepu yote ilitolewa mezani. Mpimaji aliporudi mara ya pili, mama aliandikiwa kwamba ameweza.

Mshahara wake haukuongezeka mwaka ule. Tunalisema hili kwa sababu hatupendi kuwadanganya. Tulikasirika kwa niaba yake, tukamwuliza, "Mama, sasa karatasi hii imekusaidia nini?" Akaikunjua, akaisoma tena polepole, akasema:

"Wanangu, karatasi hii hainipi unga. Lakini miaka 19 nilikuwa najiambia kwamba niko hapa kwa huruma ya watu. Sasa najua niko hapa kwa kazi yangu. Na vitabu vimepona selotepu."

Ndugu wahitimu, ujuzi hauzeeki, lakini ujuzi usiopimwa huota kutu bila mwenyewe kujua. Msiogope kupimwa. Na mkipewa kumpima mwenzenu, mpimeni kama mngependa kupimwa ninyi.

Tuko tayari kwa maswali yenu, na tutakapoondoka tutaacha muhuri mmoja na wino wake kwa atakayeshika ufunguo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mama yule aliogopa kupimwa? Je, wewe uliogopa nini siku ya kwanza ya kisomo?
2. Kijana alikosa nini? Mama alikosa nini?
3. Katika kijiji chako, ni kazi gani nyingine ambayo mtu angefaa kupimwa akiwa kazini?
4. Andika mambo matano ambayo mtu wa kazi hiyo lazima ayaweze.